Kuhani hakuwa bwana afya

Swali la wiki hii lilikuwa: je, sheria za ukoma katika Mambo ya Walawi, sura ya 13 na 14, zilikuwa kanuni za afya za Waisraeli? Nasema hapana, na ushahidi wangu unatoka kwa marabi wenyewe, walimu wa sheria wa Kiyahudi, ambao katika Mishna, mkusanyo wao wa kale wa sheria, waliitengea habari hii sehemu nzima yenye sura 14, iitwayo Negaimu.

Kiebrania husema tsaraati. Watafsiri wa Kigiriki waliandika lepra, neno la ngozi yenye magamba, na Biblia yetu ya Kiswahili ikaandika ukoma. Lakini tsaraati ilishika hata nguo na kuta za nyumba, jambo lisilowezekana kwa ugonjwa ambao kijidudu chake kiligunduliwa na Hansen wa Norwei mwaka 1873. Naliona kosa hili la jina kuwa zito, kwa sababu wagonjwa wa ukoma wamebebeshwa unajisi usiowahusu.

Sasa tazama sheria yenyewe. Kwa mujibu wa Mishna, bwana harusi aliyetokewa na alama huachiwa siku 7 za karamu yake kabla ya kukaguliwa na kuhani, na wakati wa sikukuu ni vivyo hivyo. Kama hofu ingekuwa maambukizi, karamuni ndiko ambako angezuiwa kwanza. Nyumba inaposhukiwa, kuhani huamuru vyombo vitolewe nje kabla hajaingia, maana kabla hajatamka neno hakuna kilicho najisi. Rabi Meir aliuliza ni vyombo gani vinavyookolewa hivyo, ikiwa vya mti na vya chuma huweza kutakaswa majini, akajibu kwamba ni vyombo vya udongo, kibuyu na mtungi wa mtu, ambavyo Torati imevionea huruma. Mpangilio huu haufanani na kazi ya bwana afya.

Basi ilikuwa na maana gani? Katika Talmudi, kitabu kikubwa cha mijadala ya marabi juu ya Mishna, rabi Resh Lakishi anasikia ndani ya neno metsora, mwenye tsaraati, maneno motsi shem ra, yaani mwenye kumchafulia mtu jina. Miriamu alimsema Musa, akawa mweupe kama theluji. Anayesengenya hutenganisha mume na mke, rafiki na rafiki, ndiyo maana naye hukaa peke yake nje ya marago. Na ndege wawili wa utakaso wake wametajwa kwa kuwa ndege hawaachi kulia. Talmudi hiyohiyo inataja pia kiburi, uchoyo na umwagaji damu, ila ulimi ndio uliowashughulisha marabi zaidi. Maimonide, mwanazuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12, anaongeza kwamba alama huanza ukutani, mtu asipotubu huhamia kwenye vyombo vya ngozi, kisha nguo, na mwisho mwilini, kama onyo linalomsogelea mtu hatua kwa hatua ili apate nafasi ya kunyamaza.

Kinachonigusa kuliko yote ni kwamba aliyefukuzwa hakusahauliwa. Miriamu alipofungiwa nje siku 7, taifa zima halikusafiri mpaka aliporudishwa. Na siku ya kutakaswa, kuhani ndiye anayetoka nje ya marago, kama isemavyo Walawi 14:3, kumwendea pale alipo.