Kupandisha Dau kwa Mafungu

SWALI: Ndugu Mhariri, assalaam alaykum. Barazani kwetu Mkunazini tunacheza poka, mchezo wa karata wa kuwekeana dau, kwa komwe za bao, bila ya fedha. Mwenzetu mmoja, dau likiwa komwe 10, husukuma 10, akatutazama nyuso, kisha akaongeza 20. Je, inafaa?

JIBU: Wa alaykum salaam. Haifai, kwani anayeweka dau kwa mafungu hupata nafasi ya kuona nani ameshtuka kabla hajaamua, na ndiyo maana kanuni ya kawaida ya poka huzirejesha zile 20 kwa mwenyewe na kumhesabu kuwa amefuata dau tu. Akitaka kupandisha, ama asukume komwe zote kwa mkupuo mmoja, ama atamke kwanza, zamu yake ikifika, "Napandisha hadi 30". Akishatamka, kauli hiyo humfunga hata akijuta. Katika mchezo usio na kikomo cha dau, nyongeza haipungui dau lililotangulia, kwa hivyo juu ya 10 hapandishi chini ya 20. Tena aziweke mbele yake zihesabike, asizimwage katikati (tabia inayotuudhi wengi).