Weka brashi chini kwanza, mdogo wangu

Mdogo wangu wa Wete, salamu tutapeana baadaye. Hiyo brashi iweke chini sasa hivi.

Umesema kwa miaka 9 umekuwa ukichora katuni ya familia moja kila wiki, na sasa unataka kuzikusanya utoe kitabu. Umeuliza karatasi gani inafaa, kuchapisha kunakwenda kwa bei gani, watoto wa kwenye katuni wakue au wabaki na umri wao. Halafu mwisho kabisa, kama jambo dogo, umeandika kwamba zile za mwanzo unazipaka nyeupe uzichore upya, ili sura zifanane na za sasa. Wallahi nimesoma hapo mkono ukanitetemeka. Mimi nimefanya hivyo hivyo, juu ya karatasi zile zile, kwa rangi nyeupe hiyo hiyo.

Nilianza mwaka 2003 kwenye gazeti moja la wiki hapa Unguja. Familia ya fleti za Michenzani: bibi, baba dereva wa daladala, mama na watoto watatu. Wakati ule nilikuwa sijui kuchora mikono. Bibi akatoka na mkono wa kulia mrefu kuliko wa kushoto, na wiki ya pili sikuweza kuufupisha kwa sababu watu walishauona. Basi ukawa ndio bibi mwenyewe. Amekaa mkekani, anachukua kopo la sukari juu ya kabati bila ya kunyanyuka. Mjukuu kavunja gilasi, kakimbia, keshafika ngazini, na mkono unamfuata mpaka ngazini. Watu walikuwa wananisimamisha njiani kuniuliza wiki hii mkono utafika wapi.

Halafu ikaja ile miezi 3 ya giza, umeme ulipokatika Unguja nzima Disemba 2009 ukarudi Machi 2010. Nilichora kwa chemli. Mstari mwembamba sikuuona, kwa hiyo nikawa natia mistari minene, na nyuso zikawa nusu nyeupe nusu nyeusi. Na mzaha nao ukageuka. Kabla ya hapo ilikuwa ni kukimbia na kuanguka tu. Gizani watu hawakimbii, wanakaa wanazungumza. Baba anaeleza visanduku viwili vizima vya picha alivyohangaika na foleni ya petroli ya jenereta la jirani, na kisanduku cha tatu mama anamjibu neno moja tu, uso wake hauonekani, unaona bangili. Toka siku hizo katuni yangu ikawa ya maneno. Sikukaa nikapanga, wala hakuna aliyenifundisha.

Sasa sikiliza. Mwaka 2015 akanijia bwana mmoja aliyejiita mtaalamu wa vitabu. Akafunua karatasi zangu kwa kidole kimoja, akasema, "Bibi huyu na bibi yule si mmoja. Msomaji atachanganyikiwa. Zifananishe zote." Akachukua shilingi 400,000 za ushauri. Mtu huyu hajawahi kuchora hata jicho la kuku! Mpaka leo nikimkumbuka damu inanichemka, kwa sababu alisema kwa uhakika kabisa, na mimi nikaona labda wenye kujua ndivyo wanavyofanya. Miezi 14 nilikesha. Karatasi 180 nilizipaka nyeupe na kuzichora upya. Mkono wa bibi nikaukata, nikauweka sawasawa.

Kichekesho cha sukari kikafa papo hapo. Bibi kakaa mkekani, kisanduku cha pili kashika kopo. Limefikaje? Nikamtilia kibao asimame juu yake. Kusimama kukataka kisanduku chake, visanduku 3 vikawa 4, na bibi akawa mzee tu anayepanda kibao kuchukua sukari. Zile za gizani nikazisafisha mistari, nyuso zote zikaonekana, kukawa na watu wanaulizana mshumaa uko wapi ndani ya chumba kinachong'ara kama ukumbi wa harusi. Na uso wa mama nikauchora, ndani ya lile jibu lake la neno moja. Bangili haionekani tena.

Kitabu kilipotoka, nilisimama Darajani pembeni ya meza ya muuzaji. Mama mmoja akakichukua, akafunua mwanzo, akafunua tena, akaniuliza, "Bibi wa mkono yuko wapi?" Akakirudisha mezani taratibu. Magazeti yenyewe yalishaliwa na mchwa. Za zamani nilizonazo leo ni 11, nimezikusanya kwa watu waliokuwa wamezikata. Moja ilikuwa imetandikwa ndani ya droo ya nguo.

Tazama wakubwa wa kazi hii. Katuni ya Peanuts ya Mmarekani Charles Schulz ilianza mwaka 1950, na Snoopy, mbwa wa humo, alikuwa kijibwa cha miguu minne. Baadaye kasimama kwa miwili, anacheza ngoma, ana ndoto zake. Miaka ya mwisho mkono wa mzee Schulz ulikuwa unatetemeka na mstari ukatetemeka nao, na akaendelea hivyo hivyo mpaka mwaka 2000. Walipozitoa zote vitabuni, kijibwa cha mwanzo kilibaki kijibwa. Na Lynn Johnston wa Kanada, mwenye katuni ya For Better or For Worse, aliporudi mwanzo wa hadithi mwaka 2008 na kuchanganya za zamani na mpya, zile mpya ndizo alizozichora zifuate mkono wake wa zamani. Umeona? Jipya ndilo lililolifuata la zamani.

Kuhusu watoto kukua, wakikua ni vizuri. Katika katuni ya Gasoline Alley ya Marekani mtoto aliachwa mlangoni mwaka 1921, akakua pamoja na wasomaji mpaka akaenda vitani. Lakini ukiwakuza, ndiyo zaidi usiziguse za mwanzo, kwani huo utoto wao utauonea wapi?

Kanuni yangu ni moja: karatasi ya zamani haiguswi. Ukitaka kurekebisha, rekebisha ya wiki ijayo. Usiku huu huu zipige picha zote, uzitie kwenye kasha la bati, mbali na sakafu na mbali na dirisha. Umesema tatu umeshazipaka nyeupe. Hizo zielekeze kwenye taa kwa nyuma, huenda wino wa chini unaonekana, uupitishie penseli kwenye karatasi nyengine kabla hujalala. Na ile ya kwanza kabisa, uliyoitaja yenye mbuzi wa miguu mitano, naomba uiweke hapa tuione.