Kwa wanaoanza kazi ya kusafirisha korosho nje kupitia Mtwara

Wadogo zangu mnaoingia ofisini msimu huu, wengine mmetoka chuoni na wengine mmetoka ghalani, jambo la kwanza ninalotaka mlijue ni hili: nauli ya meli siyo inayokula faida. Nauli imeandikwa, kila mtu anaiona na kuipigia hesabu. Zinazokula faida ni siku. Mzigo unalala ghalani ukingoja kontena, kontena linangoja meli, meli imeshaondoka na hati bado zinangoja jina moja lirekebishwe. Riba ya benki haisubiri lolote kati ya hayo.

Faida zipo na ni kubwa, msisikilize wanaosema biashara ya ng'ambo ni ya kumnufaisha mgeni tu. Korosho inayovunwa Tandahimba, Newala na Masasi ni nyingi kupita kiasi ambacho sisi tungeweza kuila. Wanunuzi wakubwa wa korosho ghafi wako India na Vietnam. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kwenye korosho mwaka 2007, mzigo unakusanywa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, unaingia ghala kuu, unauzwa mnadani, na mtu anapandisha bei mnadani kwa sababu nyuma yake kuna kiwanda ng'ambo kinachosubiri. Meli ikikosekana, mkulima anarudi kupangiwa bei na yeyote aliyefika na mizani.

Halafu kuna bandari yenyewe. Ina kina cha asili, na gati jipya lina urefu wa mita 300. Korosho ikipakiwa hapa inaepuka zaidi ya kilomita 550 za barabara kwenda Dar es Salaam, na fedha ya kupakia inabaki mjini: kwa makuli, kwa wenye maghala, kwa mafundi wa malori, kwa mama lishe. Msimu ambao mzigo unapita hapa na msimu ambao unapelekwa Dar, Mtwara inakuwa miji miwili tofauti. Mimi nasimama upande wa kupakia hapa, pamoja na shida zake zote.

Na shida ya kwanza ni kontena tupu. Mkoa wetu unatoa mzigo mwingi kuliko unaoupokea, kwa hiyo kontena zinazoshushwa hapa zikiwa na bidhaa hazitoshi kubeba korosho. Tupu zinapaswa kuletwa, na gharama ya kuzileta inaishia kwenye mzigo wako hata kama haikuandikwa kwa jina hilo. Kuanzia Oktoba kila msafirishaji anazitaka kwa wakati mmoja. Usimpe mnunuzi tarehe ya kusafirisha kabla wakala wa meli hajakuthibitishia mambo mawili kwa maandishi: nafasi melini na kontena. Nafasi bila kontena haikusaidii. Wengine wanakwepa kwa kupakia magunia moja kwa moja kwenye tumbo la meli. Ni njia nzuri mzigo ukiwa mkubwa, ila mvua ikianza kazi inasimama, tumbo linafunikwa, na meli inaendelea kuhesabiwa siku zake gatini. Mvua zetu nazo huanza msimu ukiwa katikati.

Unyevu ndio somo ninalowaomba mlishike kuliko yote. Korosho ghafi inapaswa kuingia kontenani ikiwa na unyevu usiozidi asilimia 10. Kontena likifungwa hapa kwenye joto, kisha likapita sehemu ambako usiku una baridi, mvuke unaotoka kwenye korosho unapanda, unagusa bati la juu na kugeuka matone, kama kwenye mfuniko wa sufuria ya wali. Matone yanadondokea magunia ya juu. Safari ya wiki kadhaa inatosha kuota ukungu, na mkaguzi wa kule anapofungua mlango anaanza na harufu. Kwa hiyo pima mwenyewe, usitegemee kipimo cha siku korosho ilipoingia ghalani, maana gunia la juti linavuta unyevu kutoka sakafuni na hewani. Kagua kontena mchana: ingia ndani, funga mlango, tazama kama kuna tundu linaloingiza mwanga. Nusa pia, kwa sababu kontena lililobeba samaki au kemikali halifai. Tandika karatasi nzito za kahawia ukutani na juu, ning'iniza vifuko vya kunyonya unyevu, acha nafasi kati ya magunia na paa. Hapo ndipo ufunge lakiri, na namba ya lakiri uipige picha.

Kuna hasara nyingine inayoniuma kila msimu. Chukua gunia la kilo 80 ambalo wapimaji wamelikadiria kutoa ratili 48 za kiini. Ratili 48 ni kama kilo 22. Maana yake kilo 58 zilizobaki ni maganda na kiini kisichofaa, nasi tunazilipia nafasi ya meli hadi Vietnam. Kazi ya kubangua, mafuta ya ganda, ajira za akina mama na vijana, vyote vinapanda meli pamoja na gunia. Ndiyo maana korosho ghafi inatozwa ushuru wa kuuza nje. Nyinyi mkipata mteja wa korosho iliyobanguliwa, hata mdogo, mhudumieni kwa moyo. Kontena lake moja lina thamani kubwa, na kila kilo iliyomo inaliwa.

Hati sitazieleza zote. Ankara, orodha ya vifungashio, cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), cheti cha uasili, cheti cha ufukizaji na hati ya shehena mtazizoea ndani ya mwezi. Zingatieni kwamba lazima zisomeke sawa: jina la mpokeaji, uzito, idadi ya magunia, namba ya kontena. Malipo yakiwa kwa LC, yaani barua ya benki ya mnunuzi inayoahidi kulipa, benki haiangalii korosho, inaangalia karatasi, na kwa kanuni zinazotumika karatasi zinatakiwa kuwasilishwa ndani ya siku 21 baada ya kupakia, au mapema zaidi kama LC imesema hivyo. Rasimu ya hati ya shehena isomwe na watu wawili kabla wakala hajaitoa. Ikishatoka, marekebisho yana ada, na siku zinaondoka.

Kwenye masharti ya mauzo, vijana wengi wanadhani wakiuza kwa CIF, yaani bei yenye nauli na bima ndani yake, hatari ni yao mpaka mzigo ufike. Sivyo. Kwa FOB, yaani bei isiyo na nauli wala bima, na kwa CIF pia, hatari inahamia kwa mnunuzi mzigo unapokuwa umepakiwa melini. Tofauti ni nani analipa nauli na bima. Na bima ambayo CIF inamdai muuzaji ni ya kiwango cha chini, haigusi mengi. Hata bima pana kabisa haifidii hasara iliyoletwa na kuchelewa. Meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, mizigo ya Ulaya iliongezewa siku nyingi baharini, na gharama ya siku hizo ilibaki kwa wenye mali.

Wenye ufuta na mbaazi, hasa wa Lindi, nawaongezea hili. Agosti 2017 India ilizuia uingizaji wa mbaazi kwa kuweka kikomo, na bei huku ikaanguka, watu wakabaki na magunia ndani ya nyumba. Bandari ilikuwa wazi na barabara ilipitika. Kilichofungwa ni mlango wa upande wa pili. Kabla ya kununua mzigo kwa ajili ya mteja mmoja wa nchi moja, mwombe nakala ya kibali chake cha kuingiza, soma kiasi kilichoandikwa na tarehe ya mwisho, kisha hesabu kuanzia siku kontena litakapopatikana Mtwara mpaka siku litakapofika kwake. Kama tarehe hazitoshi, mwambie mapema, wakati mzigo bado uko kwa mkulima na fedha yako bado iko benki.