Michoro Yangu Haipati Maoni

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mchoraji chipukizi. Nimejiunga na kundi la wachoraji mtandaoni na ninaweka kazi kila siku, lakini hakuna anayezitolea maoni. Nifanyeje? – Msomaji, Kondoa.

JIBU: Ndugu msomaji, mgeni hubisha hodi kwanza, nawe, kwa jinsi ulivyoeleza, umeingia na kutandaza bidhaa. Weka mchoro mmoja tu kwa juma, kisha tumia muda unaobaki kuzitazama kazi za wenzako na kuwaandikia jambo mahususi, kama vile namna mwanga ulivyoangukia uso, kwa kuwa "hongera" tupu, ambayo wengi huiandika bila hata kutazama, haimfanyi mtu akukumbuke. Aidha, unaishi jirani na michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006; iwapo maumbo yale mekundu ya watu na wanyama yamekuathiri, lieleze chimbuko hilo na uonyeshe hatua za kazi yako, kuanzia penseli hadi rangi. Picha za michoro zipige kwa mwanga wa mchana, si wa taa. Kuwaomba wenyeji wa kundi wakufuate kunaweza kusubiri.