Ijumaa ya kwanza ya Juni, Dani hapiki

Mmeuliza wiki hii kama kuna siku ya chakula ambayo haiko kwa kalenda ya serikali lakini nyumbani ama kazini mnaisherehekea. Sisi tuliisikia 2018, tukaanza kuisherehekea 2019. Ni ile Siku ya Donati ya Marekani, Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa sita, ila huku kwetu donati ni mandazi.

Mimi hushona makava ya viti kwa karakana ya fanicha hapa Kibuye, Kisumu. Tuko watu tisa. Kila siku ikikaribia saa nne asubuhi kuna mama anaingia na ndoo nyeupe ya plastiki, mandazi bado ziko moto mpaka kifuniko kinatoka jasho kwa ndani, na mkono ule mwingine ana thamosi kubwa ya chai ya maziwa. Sisi humwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, na yeye hutuita nyathina, yaani mwanangu, hata yule fundi wa mbao ambaye ana wajukuu. Randa zinawekwa chini, watu wanajipangusa vumbi la mbao, kila mtu mandazi mbili na kikombe. Ambaye hana pesa anaandikwa kwa daftari. Kuna miezi hiyo daftari inajaa juu wateja hawajalipa, na sisi kwa hivyo hatujalipwa, na bado kesho yake Dani anaingia na ndoo, sijawahi kumwona akimnyima mtu chai kwa sababu ya deni, na niko hapa mwaka wa kumi na moja sasa.

2018 hiyo Ijumaa iliangukia tarehe 1 Juni, Madaraka Dei yenyewe. Tulikuwa kazini juu kulikuwa na oda ya viti ilikuwa lazima itoke Jumamosi. Binti ya dadangu, ambaye alikuwa anasomea upishi, alikuwa amekuja kunisaidia kukata nyuzi, na tukiwa kwa chai akasema leo Marekani wanakula donati nchi nzima, akatusomea kwa simu chanzo chake. Nilidhani ni mambo ya matangazo tu. Kumbe ilianzishwa na Jeshi la Wokovu, mjini Chicago, 1938, kuwakumbuka wanawake wao walioenda Ufaransa 1917 wakati wa vita vya kwanza vya dunia kuhudumia wanajeshi wa Marekani. Huko kambini mvua ilikuwa haiishi, wanajeshi wamelowa na wamechoka, na akina mama walikuwa na vitu vichache: unga, sukari, mafuta, beking pauda na maziwa ya mkebe. Wawili kati yao, Helen Purviance na Margaret Sheldon, wakaamua kukaanga donati. Unga waliusukuma na chupa tupu. Jiko lilikuwa chini sana, Helen akakaanga akiwa amepiga magoti, donati saba kwa mara moja kwa kikaango kidogo, na siku hiyo ya kwanza wakatoa 150 wakati laini ya wanajeshi ilikuwa imesimama matopeni.

Fundi wetu mmoja wa Vihiga amekulia Jeshi la Wokovu, wale wa ngoma na bendera Jumapili asubuhi, wako Kenya tangu 1921 na huku Magharibi nani hawajui, lakini hiyo habari hakuwa ameisikia maisha yake yote. Alinyamaza kabisa. Dani naye alikuwa ameacha kumimina chai anasikiliza. Akasema, "Hata mimi husukuma na chupa." Halafu akauliza, "Na hao wasichana, nani aliwapikia wao?"

Hakuna mtu alikuwa na jibu. Mimi hilo swali nililala nalo. Kwa sababu ukihesabu, huyu mama anaamka saa tisa usiku, anakanda, anangoja unga uumuke, anakaanga, anabeba, anatembea, na mandazi anayokula yeye ni ile iliyobaki imepoa, kama imebaki.

Ndiyo mwaka uliofuata, tarehe 7 Juni, tukamwambia Dani leo usiwashe jiko, uje mikono mitupu. Tulichanga, tukaleta kilo mbili za unga, hamira, sukari, maziwa, iliki nikaitwanga mwenyewe, karai nikaazima kwa jirani. Na hapo ndipo nilijua hii kazi ni kazi. Mandazi za kwanza zilikunywa mafuta kama sponji juu hatukungoja yapate moto, zile zilizofuata zikawa nyeusi nje na ndani ni unga mbichi. Dani alivumilia kwa kiti mpaka akashindwa, akasema bila kuinuka, "Nyathina, tupa kipande kidogo kwanza. Kikizama kikakaa, ngoja. Kikipanda na mapovu, weka. Kikiwa cheusi saa hiyo hiyo, toa makaa." Tukafanya hivyo na zikaanza kufura vizuri, zile zinajigeuza zenyewe upande mmoja ukiiva, na ndani unapata lile pango. Sahani ya kwanza ya zile nzuri ilienda kwake, moto moto, na chai aliyomiminiwa na mtu mwingine. Alikula polepole sana.

Hatujaruka mwaka. 2020 kulikuwa na corona na kafyu ilikuwa inaisha saa kumi na moja alfajiri, tulikuwa wanne tu kazini, tukapika za watu wanne na Dani. 2022 unga na mafuta vilipanda mpaka mandazi ya kumi ikawa ndogo kama ya tano ya zamani, na Dani aliona haya kila akifungua ndoo, kana kwamba ni yeye amepandisha bei. Mwaka huo tulichanga zaidi ya miaka yote, tukazikata kubwa.

Mwaka jana mafundi waliongeza kitu. Walimtengenezea stuli ya mvule, fupi, urefu wa jiko lake la makaa waliloenda kupima kwake wakijifanya wameenda kulipa deni, na mimi nikaweka sponji ya inchi tatu na kava la kitambaa kizito, rangi ya damu ya mzee, nikashona pembe mara mbili. Alikaa, akajisogeza kushoto na kulia, akaipiga piga na kiganja. Alikula mandazi mbili, ya tatu akaifunga kwa gazeti ampelekee mjukuu. Halafu akauliza unga umebaki kiasi gani kwa pakiti, akaubeba pamoja na stuli, na Jumamosi saa nne kasoro akaingia na ndoo.