Maswali ya Wasomaji: Nani Hukagua Usalama wa Nyuklia Katika Kituo cha Jeshi la Majini?

Swali: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba nchini Uingereza wakaguzi wa kiraia huingia katika vituo vya jeshi la majini vinavyohudumia nyambizi za nyuklia, kisha hutoa taarifa hadharani. Nijuavyo mimi, jeshi halimfungulii lango mtu wa nje. Je, mkaguzi huyo ana mamlaka gani? Na anakagua nini hasa ikiwa nyambizi imefungwa gatini na kinu chake kimezimwa?

Jibu: Ndugu msomaji, tuanze na sheria, maana ndiyo inayoamua mkaguzi aingie kwa mlango upi. Uingereza ilitunga sheria ya leseni za mitambo ya nyuklia mwaka 1959, miaka miwili baada ya moto uliowaka katika kinu cha Windscale mwezi Oktoba 1957 na kusambaza mionzi nje ya eneo hilo. Sheria inayotumika leo ni ya mwaka 1965, na msimamizi wake ni Ofisi ya Udhibiti wa Nyuklia, ijulikanayo kwa kifupi kama ONR, ambayo tangu Aprili 2014 ni chombo cha umma chenye kujitegemea. Mwenye leseni hufungwa na masharti 36 yanayogusa karibu kila jambo, kuanzia mafunzo ya wafanyakazi na utunzaji wa kumbukumbu hadi maandalizi ya dharura na udhibiti wa taka zenye mionzi.

Hata hivyo, takwa hilo la leseni haliifungi serikali yenyewe, na wala halihusu kinu kilichomo ndani ya chombo cha usafiri, ambapo nyambizi ni chombo cha usafiri. Ndiyo maana katika Devonport, mjini Plymouth, utakuta tawala mbili za usalama zikiishi ubavu kwa ubavu: sehemu ya karakana ya meli inaendeshwa na kampuni binafsi yenye leseni ya ONR, ilhali kituo cha majini kilichopakana nayo kiko chini ya Wizara ya Ulinzi na hupata idhini kutoka kwa mdhibiti wa usalama wa nyuklia aliyemo ndani ya wizara hiyohiyo. Huko Faslane, Scotland, kwenye maskani ya nyambizi za Uingereza, kituo chote kiko chini ya wizara, na masharti ya idhini yake yameandikwa kwa mfano wa yale 36 ya leseni za kiraia.

Usidhani kwamba huko ONR hubaki nje ya lango. Sheria ya afya na usalama kazini ya mwaka 1974, kanuni za mionzi za mwaka 2017 na kanuni za maandalizi ya dharura za mwaka 2019 zinawahusu pia wanajeshi na watumishi wa wizara, na kwa hizo mkaguzi wa kiraia huingia kituoni, mara nyingi akiwa pamoja na mwenzake wa upande wa ulinzi. Tofauti hujitokeza pale kosa linapopatikana. Kampuni yenye leseni inaweza kupewa amri ya kurekebisha kasoro, kusimamishwa kazi au kufikishwa mahakamani, ilhali wizara, kwa kuwa ni serikali, haiwezi kushtakiwa chini ya sheria hiyo ya mwaka 1974 na mwisho wa adhabu yake ni karipio rasmi. Kwa maoni yangu, hapa ndipo mfumo huu una udhaifu wake mkubwa. Mdhibiti aliye ndani ya wizara anaweza kuwa hodari na mwaminifu, lakini bado yeye na anayemkagua wanawajibika kwa waziri mmoja, na mwananchi anayeishi ng'ambo ya maji hana njia ya kupima ukali wake. Uhuru wa mkaguzi ni sehemu ya usalama wenyewe.

Sasa nije kwenye kinu kilichozimwa. Kuzima kinu husimamisha mfululizo wa kupasuka kwa viini vya urani, lakini mabaki ya viini hivyo huendelea kutoa mionzi na joto. Mara tu baada ya kuzimwa, kinu kilichofanya kazi kwa muda mrefu bado hutoa takribani asilimia 6 hadi 7 ya nguvu zake, na baada ya siku moja kiwango hicho huwa kimeshuka chini ya asilimia 1. Kiasi hicho kinaonekana kidogo, lakini kisipoondolewa kinatosha kuharibu fueli. Vinu vya Fukushima, nchini Japani, vilivyokuwa vikifanya kazi tarehe 11 Machi 2011 vilijizima vizuri tetemeko lilipotokea; kilichoviangamiza ni kukosa umeme wa kupoza baada ya tsunami.

Kwa sababu hiyo, nyambizi inapokuwa kwenye guda kavu, yaani bwawa la matengenezo lililoondolewa maji, na kutegemea umeme na maji ya kupoza kutoka nchi kavu, vifaa vya gatini vinakuwa sehemu ya usalama wa kinu. Tarehe 29 Julai 2012, huko Devonport, hitilafu katika ubao mkuu wa umeme ilisababisha umeme wa kawaida na ule wa akiba kupotea kwa zaidi ya dakika 90. Mionzi haikuvuja, lakini tukio hilo linaeleza kwa nini mkaguzi anaweza kushinda kutwa nzima kwenye jenereta ya dizeli ambayo mpita njia angeiona ya kawaida kabisa.

Chukua sharti la 28 la leseni, linalohusu uchunguzi, matengenezo na majaribio ya vifaa. Mkaguzi huomba ratiba ya matengenezo ya jenereta, kisha kumbukumbu ya jaribio la mwisho. Lilifanyika kwa wakati? Kama liliahirishwa, nani aliidhinisha, na kwa hoja gani ya kiusalama? Aliyetia saini alikuwa na sifa za kufanya kazi hiyo siku hiyo? Baada ya hapo hushuka hadi kwenye jenereta yenyewe, akalinganisha namba iliyo kwenye kibao cha chuma na ile iliyo kwenye karatasi, akatazama kama kuna kutu au mafuta yanayodondoka, kisha akamwomba fundi wa zamu aeleze kwa maneno yake angefanya nini umeme wa gatini ukikatika usiku. Kumbukumbu safi isiyolingana na maelezo ya fundi humtia mkaguzi wasiwasi kuliko bomba lenye kutu ambalo kila mtu analijua na limepangiwa tarehe ya kubadilishwa. Kreni nazo hukaguliwa kwa makini ya namna hiyo, kwani mzigo ukianguka karibu na kinu unaweza kuharibu kile ambacho kila kitu kingine kiliwekwa kukilinda.

Swali: Je, wakazi wa jirani wanalindwaje iwapo ajali itatokea licha ya ukaguzi wote huo?

Jibu: Kanuni za mwaka 2019 zinamtaka mwendeshaji atathmini madhara yanayoweza kutokea, na serikali ya mtaa itumie tathmini hiyo kuweka mipaka ya eneo la mpango wa dharura. Kaya zilizo ndani ya eneo la Devonport hupewa mapema vidonge vya aidini, ambavyo hujaza tezi ya shingo aidini salama ili isifyonze ile yenye mionzi. Vidonge hivyo haviukingi mwili dhidi ya aina nyingine za mionzi, kwa hiyo agizo la kwanza kwa mkazi ni kuingia ndani, kufunga milango na madirisha, na kusikiliza matangazo. Kidonge humezwa pale mamlaka zinapoelekeza. Mpango huo lazima ujaribiwe angalau mara moja kila miaka 3, na wakaguzi wa ONR hufuatilia kama kituo, polisi, watu wa afya na serikali ya mtaa walipeana taarifa mapema kiasi cha kumwezesha mkazi kuchukua hatua kwa wakati.