Maswali yenu: Mkataba wa nyumba na matusi ya njiani nchini Tunisia

SWALI: Mimi ni mwanafunzi kutoka Morogoro, nasoma Sfax. Mwenye nyumba ameshapokea kodi ya miezi miwili, ila kila nikimwambia twende tukasajili mkataba hunijibu "kesho, inshallah". Ananibagua, au ndiyo desturi ya huku?

JIBU: Yote mawili, ndugu yetu. Wenye nyumba wengi hukwepa usajili hata wakimpangisha Mtunisia mwenzao, maana mkataba uliosajiliwa huwafikisha kwa watu wa mapato. Kwa mpangaji mweusi kuna hofu ya ziada. Tarehe 21 Februari 2023 Rais Kais Saied alidai kuna njama ya kubadili sura ya wakazi wa nchi kwa kuingiza wahamiaji kutoka kusini mwa Sahara. Siku chache baadaye wapangaji wengi walitupiwa vyombo nje, hata baadhi ya wenye vibali, kwa kuwa sheria ya wageni ya mwaka 1968 humwadhibu anayemsaidia mgeni kukaa nchini bila karatasi. Mwenye nyumba akisikia hivyo, hasubiri kujua nani anacho kibali na nani hana.

Basi usianze na neno "ubaguzi". Mwondolee hofu kwanza: mwonyeshe muhuri wa kuingia nchini na cheti cha chuo. Kisha andaa nakala tatu za mkataba, jina lako likiwa herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti, kodi ikiandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Msisaini nyumbani! Karani wa manispaa, ambayo wenyeji huiita baladia, huthibitisha saini anazoziona zikiwekwa mbele yake. Nendeni wote wawili, yeye na kitambulisho, wewe na pasipoti. Baada ya hapo mkataba husajiliwa ofisi ya mapato. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo jitolee kulipa ada mwenyewe. Inauma, lakini bila mkataba hupati kibali cha ukaazi, na bila kibali hata malalamiko yako huna pa kuyapeleka kwa amani. Faili lifike kituo cha polisi cha mtaa wako kabla ya miezi mitatu tangu uingie kwisha, na udai stakabadhi, uitoe kopi, utembee nayo. Ukichelewa, faini huhesabiwa kwa wiki.

Akiendelea na "kesho" yake, usimwongezee hata mwezi mmoja wa kodi. Ulizia nafasi kwenye hosteli za wanafunzi.

SWALI: Kwenye tramu ya Tunis huitwa "kahlouch", na juzi mtu kanipigia kelele "oussif". Haya ni matusi mbele ya sheria?

JIBU: Kahlouch hutokana na weusi wa ngozi, marafiki huitana hivyo kwa utani, ingawa mdomoni mwa mgeni ni tusi. Oussif ni mtumwa au mtumishi, na hilo halina utani. Tunisia ilifuta utumwa mwaka 1846, miaka miwili kabla ya Ufaransa kuufuta kwenye makoloni yake, lakini maneno yake yalibaki hata kwenye vyeti: mwaka 2020 tu ndipo mahakama ya Medenine ilipomruhusu mzee wa Djerba mwenye miaka 81 kuondoa "atig", yaani aliyeachwa huru, kwenye jina lake. Watunisia weusi wanayajua haya kuliko sisi wageni.

Sheria namba 50 ya 2018 inatoa kifungo cha mwezi mmoja hadi mwaka mmoja, au faini ya dinari 500 hadi 1,000, au vyote viwili, kwa kauli au kitendo cha kibaguzi. Kuchochea chuki ni mwaka mmoja hadi mitatu. Adhabu huongezeka maradufu mhanga akiwa mtoto, au mkosaji akiwa na mamlaka juu yake.

Kosa la kawaida ni kwenda kituoni na kusema "nimetukanwa". Huandikwa ugomvi wa mtaani, basi. Malalamiko yapelekwe kwa mwendesha mashtaka wa Jamhuri kwenye mahakama ya mwanzo, sheria hiyo ikitajwa kwa namba, maneno yakiandikwa kama yalivyotamkwa, pamoja na saa, kituo cha tramu na shahidi. Shahidi Mtunisia ana uzito mkubwa. Mwombe namba ya simu papo hapo, kabla tramu haijafika kituo kinachofuata. Kama kibali chako kimekwisha muda, pitia kwa wakili, kwani polisi wataanza na karatasi zako kabla ya tusi. Inawezekana kushinda: mwaka 2019 mahakama ya Sfax ilimhukumu mzazi aliyemtukana mwalimu mweusi wa binti yake miezi mitano ya kifungo kilichosimamishwa.

SWALI: Je, Watunisia wote wako hivyo?

JIBU: Hapana, dada. Tarehe 25 Februari 2023, siku nne tu baada ya kauli ile ya Rais, Watunisia waliandamana Tunis kuipinga. Dukani anza na "aslema", yaani hujambo, kisha "labes?", yaani habari yako, kabla ya kuuliza bei. Ukianza na Kifaransa, wengine watakuhesabu kuwa mpita njia.